Maisha ya mpiga viola wa okestra: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikirudi Moshi na lile kasha mgongoni, maswali huanzia stendi ya basi. Watoto wanauliza, wazazi wao wanauliza, na vijana wa kwaya wananiandikia baadaye. Nimekusanya hapa yale yanayojirudia. Mimi napiga viola katika okestra ya nyumba ya opera (michezo ya kuigiza inayoimbwa) huko Ujerumani, kwa hiyo mengi ninayoyasema yanatoka huko. Pale ambapo nchi nyingine wana utaratibu tofauti, nimetaja.

## Chombo chenyewe

1. Viola ni nini? Si fidla hiyo?

Ni ndugu wa fidla, na kwa mbali ni vigumu kuwatofautisha. Mwili wa fidla una urefu wa kama sm 35.5. Viola haina kipimo kimoja: nyingi ziko kati ya sm 38 na 43. Nyuzi zake nne, kuanzia ule wa chini, ni Do, Sol, Re na La. Fidla ina Sol, Re, La na Mi. Yaani viola haina ule uzi mkali wa juu, ila ina uzi mnene wa Do ambao fidla haijawahi kuufikia. Chelo ina nyuzi zilezile za viola, oktava moja chini.

Roho ya viola iko kwenye uzi huo wa Do, na shida yake iko hapohapo. Kama mwili wake ungekua kwa uwiano wa sauti yake, ungefika kama sm 53, na hakuna kidevu ambacho kingeushika. Kwa hiyo tunapiga chombo ambacho ni kidogo kuliko sauti yake. Ndiyo maana viola haing'ai kama fidla. Sauti yake ina giza na ukwaruzo kidogo, kama ya mtu anayekunong'oneza jambo zito. Mimi niliipendea hilo.

2. Kwenye okestra inafanya kazi gani hasa? Mbona siisikii?

Ukiwa umewahi kuimba kwaya, unalijua jibu tayari. Sauti ya kwanza inabeba wimbo, ya nne inashika msingi. Katikati wako wa sauti ya pili na ya tatu, ambao msikilizaji hawataji, lakini siku wasipokuja mazoezini wimbo unasikika mtupu kama nyumba iliyohamwa. Viola ni hao. Mara nyingi sisi ndio tunashika ile nota moja inayoamua kama mwafaka wa sauti, yaani nota zinazolia pamoja, ni wa furaha au wa majonzi. Tukiishusha nusu hatua, ukumbi mzima unabadilika hali bila mtu kujua ni nani aliyefanya hivyo.

Chukua waltz ya Vienna, ile dansi ya mapigo matatu. Besi na chelo wanapiga pigo la kwanza. La pili na la tatu ni letu pamoja na fidla za pili. Kwenye karatasi yanaonekana kama kazi ya mtoto: kimya, pa, pa, kimya, pa, pa, kurasa na kurasa. Lakini kwa desturi ya Vienna pigo la pili huja mapema kidogo kuliko hesabu, na huo "kidogo" hauandikwi popote. Unatafutwa kwa masikio, na watu kumi wanapaswa kuupata kwa pamoja. Tukiukosa, waltz inageuka kuwa gwaride.

Na zipo nyakati tunazosikika wazi. Simfoni ya 10 ya Mahler inaanza na viola peke yake. Sehemu ya pili ya Simfoni ya 5 ya Beethoven inafunguliwa na viola na chelo. Konseto ya 6 ya Brandenburg ya Bach haina fidla hata moja. Katika "Don Quixote" ya Richard Strauss, viola ya pekee ndiyo Sancho Panza.

3. Kwa nini nota zake zinaonekana za ajabu?

Kwa sababu tunatumia ufunguo wa alto, ambao unaiweka Do ya kati kwenye mstari wa tatu, katikati kabisa. Nota zetu nyingi zinaangukia hapo, kwa hiyo hatuhitaji mistari mingi ya ziada. Baada ya miezi michache macho yanazoea. Wa kwaya wana faida ya pekee hapa. Tazama swali la 6.

4. Je, ni kile chombo cha taarab?

Kile ni fidla, ileile ya okestra, ila upigaji ni tofauti: fidla za taarab husuka wimbo mmoja kwa pamoja na mapambo yake, wakati sisi tunagawana sauti.

## Kuanza

5. Nianze nikiwa na umri gani?

Fidla huanzwa utotoni, miaka mitano hadi minane. Viola inasamehe zaidi. Wengi wetu tulianza na fidla na kuhamia viola kati ya miaka 12 na 18, mikono ikishakua. Lionel Tertis (1876–1975), Mwingereza aliyeifanya dunia iichukulie viola kama chombo cha kusimama peke yake, aliishika akiwa mwanafunzi wa Royal Academy of Music jijini London, kwa sababu kundi la watu wanne lilikuwa halina mpiga viola. Mimi mwenyewe nilihama nikiwa na miaka 17.

Ila tusidanganyane. Kilichosamehewa ni kuhamia viola, si kuanza upinde na nyuzi kwa mara ya kwanza. Mtu anayeshika chombo cha nyuzi kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 20 anaweza kuwa mpigaji mzuri wa kikundi na kanisa, lakini kupata ajira ya okestra kutakuwa kugumu sana.

6. Nimelelewa na solfa ya kwaya. Je, nimechelewa?

Hapana, na swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kwaya zetu nyingi Tanzania hufundishwa kwa solfa: d, r, m, f, zimeandikwa kwa chaki ubaoni, sauti nne zimepangwa moja juu ya nyingine. Mtoto aliyekua hivyo amejifunza mambo mawili ambayo wanafunzi wengi wa Ulaya huyapata wakiwa watu wazima. Kwanza, anajua nota ni uhusiano: "m" ni "m" kwa sababu ya "d" iliyo chini yake. Pili, amesimama miaka mingi katikati ya sauti nyingine bila kuyumba.

Nakumbuka mwalimu wetu wa kwaya alivyokuwa akifanya. Alizisimamisha sauti tatu ziimbe, kisha akainyamazisha ya tatu ghafla, na kutuuliza, "Mmesikia shimo?" Tulilisikia. Miaka mingi baadaye profesa wangu Ujerumani alinifundisha jambo hilohilo kwa maneno marefu zaidi.

Kinachobaki ni kujifunza mistari mitano. Hiyo ni kazi ya mwaka mmoja. Sikio ndilo linalochukua miaka, na hilo unalo.

7. Nijifunzie wapi nikiwa Afrika Mashariki?

Nairobi ndiko kwenye nafasi nyingi zaidi. Kuna Kenya Conservatoire of Music, kuna Nairobi Orchestra ambayo ni ya watu wanaojitolea, kuna Safaricom Youth Orchestra kwa vijana, na kuna Ghetto Classics ya Korogocho, inayofundisha watoto wa mtaa ule vyombo vya okestra. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha DCMA, ambako fidla inafundishwa kwa njia ya taarab. Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, daraja la 1 hadi la 8, inafanyika Kenya na ina silabasi ya viola.

Kwa walio Kongo, Kinshasa ina Orchestre Symphonique Kimbanguiste, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda. Walianza wakigawana vyombo: mmoja anapiga, mwenzake anasubiri zamu.

Nenda ukiwa tayari kupiga viola. Vikundi vingi vya vijana vina fidla za kutosha na viola moja au hawana kabisa, kwa hiyo utakaribishwa haraka.

8. Ninunue viola ya ukubwa gani, na kwa bei gani?

Kipimo ni mkono wako, si sauti unayoiota. Nyosha mkono wa kushoto ukiwa umeweka chombo begani: vidole vikifika kwenye kichwa cha viola na kiwiko bado kimekunjika kidogo, inakufaa. Ukinyooka kabisa, iache. Tertis alipendelea viola kubwa na akabuni yake ya inchi 16¾, karibu sm 42.5, wapigaji wakubwa wengine wamepiga ndogo kuliko hiyo na wakajaza kumbi. Sababu za kiafya ziko kwenye swali la 15.

Kwa mtoto, fundi anaweza kufunga nyuzi za viola kwenye fidla. Haina sauti nzito, lakini inafundisha yote yanayohitajika na gharama yake ni ndogo. Kwa mwanafunzi, kukodi ni bora kuliko kununua. Viola za Stradivari, yule fundi maarufu wa Italia wa zamani, hazijabaki hata 15, na moja ya mwaka 1719 iliwahi kutangazwa kwa dola milioni 45 mwaka 2014, haikupata mnunuzi. Hizo si zetu. Wapigaji wengi wa okestra hutumia kazi ya mafundi wa sasa, na ni nzuri.

## Kupata kazi

9. Lazima niwe na shahada?

Kwa sheria ya okestra, mara nyingi hapana. Kinachoamua ni upigaji. Kwa uhalisia karibu wote wamesoma chuo cha muziki, kwa sababu huko ndiko unakopata mwalimu, wenzako wa kucheza nao, na barua za kualikwa kwenye usaili. Vyuo vya umma vya Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi ada. Jimbo la Baden-Württemberg ni tofauti: wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula. Kuingia ni kwa mtihani wa kupiga, na cheti cha Kijerumani kitahitajika. Anza lugha mapema, ndiyo inayowakwamisha wengi wa kwetu.

10. Usaili unakuwaje?

Unafanyika ndani ya siku moja, na ni mgumu. Ujerumani, raundi ya kwanza huwa ni konseto (kazi ya mpigaji mmoja mbele ya okestra) ya Stamitz au ya Hoffmeister, zote za karne ya 18, mara nyingi nyuma ya pazia. Ya pili ni konseto ya karne ya 20: Bartók, Walton au Hindemith. Ya mwisho ni vipande vya okestra: mwanzo wa "Don Juan" ya Strauss, skerzo (sehemu ya mwendo wa kasi) ya "Midsummer Night's Dream" ya Mendelssohn, na vingine ambavyo kila mpiga viola duniani anavijua kwa moyo. Wanaosikiliza na kupiga kura ni wanaokestra wenyewe.

Katika raundi ya kwanza unaweza kupewa dakika tatu, kisha sauti nyuma ya pazia inasema, "Asante." Umesafiri saa sita kwa treni kwa ajili ya dakika hizo tatu. Mimi nilifanya usaili 14 kabla ya kupata kazi. Siku ya 14 mikono ilikuwa baridi, nikaishika chupa ya chai ya moto hadi nilipoitwa, na nilipoingia nilitembea juu ya zulia lililotandikwa ili viatu visiseme kama wewe ni mwanamke au mwanamume. Ninalikumbuka zulia lile kuliko nota nilizopiga.

Ushauri wangu ni mmoja: pale vipande vya okestra vinapochezwa, usipige kama mpigaji wa peke yake. Kamati inasikiliza kama unamsikia mtu ambaye hayupo. Kwenye skerzo ya Mendelssohn, vyombo vya kupuliza vinaendelea kichwani mwako au havipo, na watu walioipiga miaka 20 wanalitambua hilo ndani ya mistari miwili.

11. Nikishinda, nimeajiriwa moja kwa moja?

Bado. Ujerumani kuna mwaka wa majaribio, kisha wenzako wanapiga kura tena. Marekani nako kuna kipindi cha majaribio kabla ya kuthibitishwa. Uingereza hualika watu kadhaa wafanye kazi nao kwa wiki au miezi, kisha huchagua. Katika kipindi hicho wanatazama mambo ya kawaida kabisa: unafika kabla ya wakati? Una penseli? Unaweza kupiga kwa sauti ndogo kuliko jirani yako?

12. Mwafrika mweusi ana nafasi ya kweli?

Ana, na njia si sawa kwa wote. Pazia la usaili lilianza kujaribiwa na okestra ya Boston, Marekani, mwaka 1952 na likasaidia sana wanawake. Vienna Philharmonic haikuwapokea wanawake kama wanachama hadi 1997, kwa hiyo mabadiliko ya mambo haya si ya zamani. London kuna Chineke! Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 2015 na mpiga besi Chi-chi Nwanoku, yenye wanamuziki wengi weusi na wa makabila mengine ya wachache.

Pazia linasaidia siku ya usaili. Haliwezi kukupa viza, nauli, wala mwalimu ulipokuwa na miaka kumi, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotelea. Ndiyo maana nawaomba wazazi waliojaliwa wasaidie programu zilizotajwa swali la 7.

## Kazi ya kila siku

13. Wiki yako inakuwaje?

Kazi inahesabiwa kwa zamu: mazoezi ni zamu moja, onyesho ni zamu moja, na hesabu ya kawaida ni kama saba au nane kwa wiki. Mazoezi ni asubuhi kwa saa mbili na nusu hadi tatu, onyesho ni jioni. Katikati unalala kidogo, unakula, na unajifunza kazi ya wiki ijayo nyumbani. Hizo saa za nyumbani hakuna anayezihesabu. Opera ya "Die Meistersinger" ya Wagner ina muziki wa kama saa nne na nusu. Ukitoka hapo saa tano usiku, bega linakwambia.

Tunakaa wawili wawili kwenye stendi moja ya nota. Wa ndani ndiye anayegeuza ukurasa. Nota zikigawanyika, wa nje anachukua za juu. Pinde zinaenda pamoja kwa sababu kiongozi wa viola ameshapanga, akishauriana na kiongozi wa fidla za kwanza, na kila karatasi imeandikwa alama kwa penseli. Ninapenda kuzikuta alama za waliotangulia kwenye karatasi za zamani. Kuna mmoja aliandika "sikiliza obo" pembeni mwa mstari, zamani sana, na hadi leo ni ushauri sahihi.

14. Mshahara unatosha?

Inategemea nchi. Ujerumani ina okestra za kulipwa karibu 130, na nyingi hulipa kwa mkataba wa pamoja wenye madaraja: mji mdogo chini, mji mkubwa juu. Ni mshahara wa mtu wa kawaida mwenye taaluma, na una bima na pensheni. New York Philharmonic ilikubaliana mwaka 2024 kwamba kima cha chini kifike dola 205,000 kwa mwaka mwishoni mwa mkataba wa miaka mitatu. London ni hadithi nyingine: wanachama wa London Symphony Orchestra, kwa mfano, ndio wenye okestra yao, na kwa sheria ni watu waliojiajiri. Wanalipwa wanapofanya kazi.

## Mwili na masikio

15. Je, inaumiza?

Ndiyo, usipoangalia. Viola ni nzito kuliko fidla, mkono wa kushoto unazunguka mbali zaidi, na upinde wake una kama gramu 70. Shingo, bega la kushoto na kidole kidogo ndivyo vinavyolalamika kwanza. Maumivu yakidumu zaidi ya siku chache, pumzika na umwone daktari. Usiongeze mazoezi ukidhani misuli itakomaa. Nilifanya hivyo chuoni na nikakaa miezi mitatu bila kupiga.

16. Na masikio?

Hili watu hawalifikirii. Mara nyingi nyuma ya viola wanakaa wapiga vyombo vya kupuliza. Nyuma yangu mimi ni klarineti, za mpingo, mti ambao hukatwa zaidi kwetu Tanzania na Msumbiji, na sijawahi kuusikia bila kukumbuka nyumbani. Lakini nyuma yao kuna tarumbeta.

Mwaka 2012 mpiga viola Christopher Goldscheider alikuwa mazoezini kwa opera ya "Die Walküre" kwenye Royal Opera House, London, amekaa mbele ya tarumbeta. Sauti ilipita desibeli 130 kwa vilele vyake, na masikio yake yakaharibika kiasi cha kuacha kazi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilimpa haki, na rufaa ya 2019 iliacha uamuzi huo usimame. Tangu hapo nyumba nyingi za muziki zimekuwa makini zaidi na upangaji wa viti. Tumia vizibo vilivyotengenezwa kwa wanamuziki tangu siku ya kwanza, hata kama wenzako hawavitumii.

## Mambo ya pembeni

17. Nasafiri nayo vipi kwa ndege?

Mkononi, kamwe si kwenye mizigo ya chini. Marekani ina sheria ya 2012 inayoyataka mashirika yake yapokee vyombo vidogo ndani ya kabini pakiwa na nafasi. Kwingine soma masharti kabla ya kukata tiketi. Angalia upinde pia. Pinde za zamani huwa na kipande cha pembe ya ndovu kwenye ncha, na kwenye viwanja vya ndege vya kwetu hilo si jambo la kuelezana. Mwombe fundi akibadilishe kiwe cha mfupa, upewe na karatasi.

18. Unyevu wa pwani hauiharibu?

Unaweza. Viola imegundishwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama, ambayo huachia kwenye joto na unyevu, na hiyo ndiyo sababu fundi anaweza kuifungua bila kuivunja. Unyevu wa asilimia 40 hadi 60 ndio unaofaa. Mombasa, Dar na Unguja, iweke ndani ya kasha na mifuko ya kunyonya unyevu, usiiache garini hata dakika kumi.

19. Kwa nini wapiga viola wanataniwa?

Kwa sababu ya historia. Mwaka 1752 Quantz, mpiga filimbi wa Kijerumani, aliandika kwamba viola ilichukuliwa kuwa kitu kidogo, na mara nyingi ikapewa wanaoanza au wasio na kipaji. Yeye mwenyewe hakukubaliana na hilo. Na Bach, Mozart, Beethoven, Dvořák na Britten wote waliipiga. Dvořák aliishi kwa kuipiga kwenye ukumbi wa Prague katika miaka ya 1860. Mtunzi anayekaa katikati anasikia pande zote mbili.

20. Uzi ukikatika katikati ya onyesho?

Kiongozi akikatikiwa, anabadilishana viola na wa nyuma yake, naye na wa nyuma yake, hadi ile mbovu imfikie wa mwisho, ambaye anatoka kimya kimya kuifunga. Mimi nilikatikiwa uzi wa La tendo la tatu, nikiwa stendi ya mwisho, karibu na mlango. Nilitoka kwa kuinama, nikafunga uzi mpya kwa mwanga wa taa ya korido, na kupitia ukutani nikawasikia wenzangu tisa wakiendelea. Nilirudi kwenye ukurasa uleule ambao jirani yangu alikuwa amenionyesha kwa ncha ya upinde wake.